Sahani za Matanga

Enyi jamaa, mkimwona mtu anayewachekesha watu wa mbali kila wiki, ulizeni nani analia nyumbani kwao.

Jumamosi ile mji mdogo wa Pell Creek, Alabama, ulikuwa shwari. Watu walikaa barazani wakinywa chai baridi na kupungiana mikono. Coy Tidwell alipoteremka garini, mikono yote ikashuka.

Coy alikuwa mwandishi wa safu katika gazeti moja la Atlanta. Baba yake alipofariki, majirani walileta vyakula vya matanga, kila mmoja na jina lake chini ya sahani ili irudishwe kwake, kama ilivyo desturi. Coy, wiski kichwani, akavikejeli vyakula vile gazetini, na wapishi akawataja. Atlanta ilicheka. Pell Creek ilisoma. Baadaye gazeti nalo likamfukuza kwa ulevi.

Alimkuta mama yake, Bi Ouida, anakula mkate wa dukani peke yake. Sahani za watu zilikuwa pembeni, safi.

"Mama, mbona hujazirudisha?"

"Nibishe hodi kwa nani, mwanangu? Hata kanisani benchi zima ni langu."

Coy akabeba sahani moja hadi kwa Bi Verlene, jirani.

"Ohoo, bwana gazeti! Umefuata kabichi yangu, ile uliyoandika kuwa 'ilichemshwa hadi ikasahau jina lake'?"

"Nimekosa, Bi Verlene. Nilikuwa nimelewa."

"Pombe haijui jina langu. Wewe unalijua." Akaitazama sahani. "Tena unaileta tupu! Ouida hakukulea hivyo."

Mlango ukafungwa.

"Mama, nifundishe kupika," Coy alisema aliporudi.

Bi Ouida, ambaye hakuwa ameoka kitu tangu makala ile, akafunga aproni. Mikono ya Coy ilitetemeka kwa kukosa pombe. Mama akaushika mkono wenye kisu, wakamenya pichi pamoja, polepole.

Walienda wote wawili kwa Bi Verlene, pai ya pichi ndani ya sahani yake. Bi Verlene akaonja pai papo hapo mlangoni.

"Sukari imezidi. Kaandike hilo." Kisha akachungulia nyuma ya bega la Coy. "Ouida! Mbona umesimama barabarani kama mgeni? Pita ndani, shoga yangu."

Coy hakukaribishwa. Aliketi kwenye ngazi, akamsikia mama yake akicheka.

FUNZO

Pombe haiandiki, mtu ndiye huandika. Anayewaumbua watu wa kwao ili apendwe ugenini huwaachia wazazi wake upweke. Ukimkosea jirani, nenda mwenyewe ukaombe radhi, wala usinung'unike mlango ukimfungukia mwingine kwanza.