Nilimnyima Mwanangu Mkeka

Dada yangu Somoe aliposema mtoto asiguse chini mpaka atimize miaka mitatu, nilipaswa kukataa. Nilijibu, "Sawa, dada." Leo nimepita miaka themanini, na jibu hilo bado linanichoma...

Nilikuwa karani bandarini Mtwara, nimesoma hadi sekondari, tukiishi mtaa wa Magomeni hukohuko Mtwara, nyumba moja na dada. Mwanangu Hamisi alizaliwa utumbo ukiwa nje, kitovuni, umefunikwa na ngozi nyembamba tu. Daktari akaurudisha ndani, akashona. Baada ya wiki nyingi tulirudi naye nyumbani... yu hai!

Muuguzi alituagiza kwamba kidonda kikipona tumlaze mkekani kifudifudi, ajisukume mwenyewe. Atachelewa, alisema, lakini atawafikia wenzake.

Dada alicheka. "Huyo kazaa wangapi? Tumbo likifumuka, atakuja kulishona yeye?"

Basi Hamisi akafungwa kitambaa cha kaniki tumboni, akawa wa mgongoni na mapajani. Akilia kidogo, nyumba nzima mbio! Mwaka ukapita, hakai. Wa pili ukapita, hasimami. Kliniki waliponiuliza kama anatambaa, nilisema anatambaa. Msomi mzima, nilidanganya kwa aibu!

Siku moja nilitoka kazini mapema. Mke wangu, Zainabu, alikuwa amemlaza mkekani uani. Hamisi ameinua kichwa na kifua, anafukuza kuku kwa mkono, anacheka... Mnadhani nilifurahi? Nilimnyakua mtoto, nikampiga mama yake kofi.

Zainabu hakulia. Aliniuliza tu, "Baba Hamisi, unamlinda mtoto, au unamwogopa dada yako?"

Kesho yake alimbeba, akaenda kwao Msimbati, kwa kaka yake. Dada akasema nisimfuate, atarudi mwenyewe. Nikatii tena!

Nilikwenda baada ya mwaka na nusu. Nilimkuta Hamisi mchangani, anakimbia! Anayumba, anaanguka, anainuka, anakimbia tena. Aliponiona alijificha nyuma ya mjomba wake, akimwita baba. Zainabu aliniletea maji ya kunywa, kisha akaomba talaka.

Ninyi mliojaliwa mtoto kama wangu, nawasihi, msikilizeni aliyemtibu. Mwekeni chini! Kovu la Hamisi halikufumuka hata siku moja.

Sasa Hamisi ana wajukuu. Tukikutana huniambia, "Shikamoo, mzee," kama anavyomwambia mzee yeyote njiani. Sikujaliwa mtoto mwingine. Nilimbeba zaidi ya miaka miwili ili nisimpoteze, na kwa kumbeba huko nilimpoteza yeye na mama yake.