Funguo za Jengo la Tatu

Kila akitoka shule, Wubit alipitia chuo kikuu kumngoja mama yake. Nyumbani mchana hakukuwa na mtu. Mimi bibi yake nilishinda sokoni na vitunguu vyangu. Aliketi kwenye benchi la ukumbini, sweta lake la shule limetiwa kiraka kiwikoni, akitafuna shayiri ya kukaanga punje moja moja ili isiishe upesi.

Mama yake, binti yangu Zenebech, alikuwa mgeni kazini katika ofisi ya mabweni. Mgeni mwenzake alikuwa kijana mmoja mpole aitwaye Kasaye. Wote wawili walikuwa bado wanajaribiwa, hawajathibitishwa. Mkuu wao, Weyzero Asnakech, yaani Bi Asnakech, aliwafundisha kazi huku anatembea, maana wanafunzi wapya walikaribia kufika na yeye hakuwa amepumzika tangu sikukuu. Alipanda ngazi, alishuka ngazi, shada la funguo mkononi, akisema jengo hili lina maji, lile halina, hili la wasichana, lile mafundi wameezua bati.

Zenebech aliitikia kila neno, "Ishi, ishi." Kwetu mkubwa akisema, unaitikia ishi, yaani sawa, nimesikia. Au unavuta pumzi kidogo tu, nayo ni ndiyo. Kumwambia arudie ni kama kumwambia hajui kueleza.

Jioni ile, miguu ya mama yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, Wubit alimuuliza ni jengo gani lililoezuliwa. Zenebech alisema hajui, ataona huko huko.

"Sasa mbona uliitikia?"

"Ulitaka nimrudishe mama wa watu nyuma, na uchovu alio nao? Kula, shiro inapoa."

Wanafunzi walianza kufika katikati ya wiki, wamekunjamana kwa safari, na mablanketi yao yamefungwa kwa kamba. Adhuhuri ya Alhamisi Kasaye aliomba ruhusa kwenda kumzika mjomba wake kijijini. Zenebech akabaki peke yake kwenye dirisha la kutolea funguo. Wubit alipofika kutoka shule, alimkuta mama yake anawagawia wasichana funguo za jengo la tatu.

Usiku mvua ikanyesha. Jengo la tatu ndilo lililokuwa limeezuliwa. Wasichana waliamkia ukumbini na mablanketi yanayochuruzika maji, mmoja wao anakohoa kifua chote.

Ijumaa ile Wubit alikuwa kwenye benchi lake Weyzero Asnakech alipotoka ofisini, macho mekundu. Hakuuliza kitu. Wiki iliyotangulia Kasaye alikuwa amechanganya funguo mara moja, basi yeye ndiye aliyeshukiwa. "Huyo kijana kichwa chake alikiacha wapi?" alisema. "Akitoka mazikoni abaki huko huko kwao."

Zenebech alikuwa amesimama pembeni. Akainama, akaendelea kupanga funguo misumarini.

Usiku huo mjukuu wangu hakuigusa injera. Nilidhani ana homa, nikampapasa shingo. Akamtazama mama yake.

"Mama, kaka Kasaye alishaondoka. Zile funguo ulitoa wewe. Nilikuwepo."

Zenebech hakukasirika. Hakuwa na nguvu za kukasirika. "Nikifukuzwa tutakula nini?"

"Vitunguu vya bibi."

Nilitaka kucheka, nikaona si wakati wake. Zenebech aligeukia ukutani akasema vitunguu vyangu havinunui hata mkaa. Baadaye nikamsikia anajipangusa pua.

Asubuhi alijitanda shuka lake jeupe akatoka mapema, na Wubit, kwa kuwa hakuna shule Jumamosi, akamfuata. Ofisini Zenebech alieleza yote akiwa bado amesimama. Weyzero Asnakech aliweka funguo mezani polepole.

"Nilipokueleza, ulielewa?"

"Sikuelewa."

"Na uliitikia."

"Niliona haya, mama. Ulikuwa umechoka."

Weyzero Asnakech alijifuta uso kwa viganja viwili. "Na mimi niliona hujaelewa. Nikasema moyoni, si ameitikia, yamekwisha."

Akampigia Kasaye simu papo hapo, akampa pole ya msiba na kumwambia kazi yake ipo. Zenebech hakufukuzwa, ila majaribio yake yalianza upya, na aliagizwa kwenda mwenyewe kuwaomba radhi wale wasichana na kuanika mablanketi yao. Kisha Weyzero Asnakech akamgeukia Wubit mlangoni.

"Sikia na wewe, mwanangu, maana darasani mnafanya haya haya. Heshima si kuitikia usichokielewa. Anayeuliza huona haya kidogo, yakaisha. Anayenyamaza, haya yake hubebwa na mwingine, kama Kasaye, kama wale watoto waliolala kwenye mvua."

Akachukua funguo, wakaanza kuzunguka upya, jengo hadi jengo, Wubit nyuma yao. Kwenye jengo la nne akasimama. "Tuko pamoja?"

Ishi ilikuwa imeshafika kooni kwa Zenebech. Akaimeza.

"Hapo kwenye maji sijaelewa, mama. Niambie tena."

Weyzero Asnakech akashusha pumzi ndefu, akaegemea ukuta, akaanza tena tangu mwanzo.