Shavu la Batholomeo

Kila Jumamosi, wanafunzi wenzake wa bweni la Nkuhungu walipobeba ndoo kwenda kuchota maji, Batholomeo aliugua. Alikuwa mgonjwa mwaminifu, hakukosa zamu. Alijaza mbegu za ubuyu shavuni, akajifunga kitambaa kichwani, akamwendea matroni Generosa akiburuta miguu.

"Shikamoo matroni. Matubwitubwi yamerudi."

Alifaulu mpaka siku alipopiga chafya mbele yake na mbegu zikatapakaa sakafuni. Kwa hiyo alipokuja tena, amevimba kweli chini ya taya, matroni hakuinua hata kichwa.

"Tema."

"Haki ya Mungu, matroni, sina kitu!"

"Tema ubuyu, kisha chukua ndoo."

Mchana ugali ulimtoa machozi. Rafiki yake Marko alilivuta bakuli la maharage kwa huzuni kubwa.

"Pole, ndugu yangu. Nitakula kwa niaba yako."

Batholomeo alirudi kwa matroni na kupanua kinywa bila kuambiwa. Matroni alimulika kwa tochi. Hapakuwa na mbegu. Akavaa viatu.

Wakaenda kwa Daktari Dilnaz, kwenye mojawapo ya zahanati za watu binafsi zilizoanza kufunguliwa mjini miaka hiyo.

"Panauma wakati gani?" daktari aliuliza.

Batholomeo alikuwa na hotuba tayari: homa, kizunguzungu, kutapika. Alimtazama matroni, akaimeza.

"Nikila tu. Nikimaliza, uvimbe unapungua. Homa sina."

Daktari alivaa glovu, akapapasa chini ya ulimi wake.

"Jibu lako limenisaidia. Haya si matubwitubwi. Kijiwe kimeziba mfereji wa mate. Ukila, mate huja yakakosa njia. Maji unakunywa?"

"Kidogo. Ndoo yangu huwa tupu."

Matroni alikohoa.

"Bahati yako, kijiwe ni kidogo na kiko karibu kutoka. Kunywa maji mengi, kanda taya kwa kitambaa cha moto, mumunya kitu kichachu. Kisipotoka, njoo nikitoe."

"Kichachu kama ubuyu?"

"Ubuyu unafaa."

Kesho yake, akimumunya ubuyu kwa amri ya daktari, Batholomeo alihisi kitu kigumu ulimini. Kilikuwa kijiwe, kama punje ya mchele. Siku hiyo alimaliza maharage yote, na Marko ndiye aliyehuzunika.

"Uongo wako ulinifunga macho," matroni alimwambia, "na ukweli wako ndio uliomwonyesha daktari ugonjwa. Mimi nami nilipaswa kukupima kabla ya kukuhukumu. Haya, zamu inakusubiri."

Batholomeo alichukua ndoo. Kikombe cha kwanza alikinywa hapohapo bombani.