Tochi na Kirikuu cha Shangazi Balbina

Wakati wa mavuno Fulgensi anabeba mpunga kutoka Lupiro kuuleta mashineni Ifakara. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, si chake, ni cha shangazi yake, Balbina. Na huyo shangazi hana maneno mengi. Alishasema: akikamatwa tena kwa spidi, ufunguo anapewa dereva mwingine, Octavian. Sasa Fulgensi ana mke na mtoto mchanga, kazi nyingine hana.

Madereva wenzake wakamshauri atundike sidii ya muziki kwenye kioo cha mbele. Eti inaipofusha tochi, kile kipimo cha spidi cha trafiki. Akatundika.

Basi siku hiyo shangazi yumo, anasinzia zake. Walipokaribia Lumemo, lori likawapita kwa fujo. Mara trafiki kijana, Joachim, akawasimamisha. Tochi inasema themanini na moja, na pale mwisho hamsini. Lori limeshapotelea huko. Shangazi akaamka, akanyoosha mkono kutaka ufunguo.

Fulgensi akaanza kubisha, kwamba kigari kile na magunia yote yale kingepaa vipi. Akasogea mkubwa wa Joachim, afande Rabia. Akamwamkia shangazi, kisha akauliza taratibu kama kuna gari lingine lilikuwa linapita. Joachim akakubali, lori lilikuwepo.

"Basi hicho kipimo hatukitumii," Rabia akasema. "Tochi inatuma mawimbi, yanagonga bati, yanarudi. Haina macho ya kuchagua. Wakikuitikia watu wawili kutoka ng'ambo ya mto, unamsikia mwenye sauti kubwa. Hapa sauti kubwa ni lori. Subiri gari liwe peke yake, ndiyo upime."

"Na hili lidude linalong'aa?" shangazi akauliza.

"Hilo halizuii kitu, mama. Ni la kupigia muziki tu."

Fulgensi akalitoa mwenyewe.

Shangazi hakuishia hapo. Akashuka, akaomba kijana wake arudi nyuma apite tena, yeye amwone. Joachim akaacha basi moja lipite kwanza, barabara ikabaki tupu, akalenga. Arobaini na sita.

Shangazi akapanda, akafunga mlango. Mkono hakuunyoosha tena.

"Kumbe unaweza kwenda taratibu hata nisipokuwemo," akasema. "Twende."

Mpaka leo ufunguo anao Fulgensi, na mguu wake umekuwa mwepesi kwenye mafuta. Joachim naye, magari yakija yamebanana, anashusha tochi, anasubiri.