Mshindi wa Mnada Hajalipa

Jumamosi ile alasiri, kazi zote zilisimama nyumbani kwa Mama Sweta. Maji ya chai yalichemka mpaka yakakauka. Mumewe, fundi wa friji, aliacha friji ya mteja uani ikiwa imefunguliwa mgongo. Wote walikuwa wameinamia simu moja.

Mama Sweta alikuwa mfumaji. Kwa miaka tisa alifuma masweta kwa mashine ndogo ya mkono. Sasa shule moja ilikuwa imemwagiza masweta mia na ishirini, na mashine ile isingeweza kazi hiyo. Dukani kulikuwa na mashine kubwa. Mwenye duka alikubali kumwekea mpaka Ijumaa, si zaidi. Kwa hiyo, ili apate hela iliyopungua, Mama Sweta aliiweka ile ndogo kwenye mnada wa mtandaoni. Huko watu hutaja bei, kila mmoja akimpita mwenzake. Muda ukiisha, aliye juu ndiye mshindi.

"Zimebaki dakika mbili," alisema Mama Sweta. "Laki tatu na elfu kumi!"

"Nani huyo?" aliuliza mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi.

"Anajiita Kifaru Saba. Ah! Huyu mwingine kampita. Fundi Uzi, laki tatu na elfu arobaini!"

"Kifaru, usikubali!" Bibi alipiga kelele kama yuko uwanja wa mpira. "Panda, baba, panda!"

Zilibaki sekunde kumi. Tano. Namba ikabadilika.

"Laki nne!" Mama Sweta aliruka. "Kifaru Saba, laki nne! Mnada umefungwa!"

Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Magoti yaliyomuuma tangu asubuhi aliyasahau, akacheza.

Jumapili Mama Sweta alimwandikia Kifaru Saba kumpongeza na kumweleza jinsi ya kulipa. Kimya. Jumatatu asubuhi akaandika tena. Kimya. Alianza kuona kitumbua kinaingia mchanga.

Jumatatu saa kumi simu ikalia. Ujumbe haukuja kupitia mnada. Ulikuja kwenye namba yake ya kawaida, aliyoiandika kwenye tangazo. "Nimeshalipa. Picha ya risiti hii hapa. Dereva wangu yuko njiani. Mpe mashine haraka."

"Kalipa!" alipaza sauti Mama Sweta. "Baba watoto, leta kamba!"

Mumewe hakuambiwa mara mbili. Alikuwa akifunga fundo la mwisho jirani yao alipoingia. Mama huyu alifanya kazi kwenye ofisi ya kusafirisha vifurushi. Walimwita Bi Risiti, maana hakuna mzigo uliopita mikononi mwake bila karatasi.

"Shikamoo, mama," alimsalimia Bibi. "Mnahama?"

"Marahaba, mwanangu. Mashine imelipwa!"

"Imelipwa, au mmeambiwa imelipwa?"

Mama Sweta alimwonyesha picha. Bi Risiti hakuitazama hata kidogo.

"Picha si hela, shoga yangu. Mtu anaweza kuitengeneza akiwa amelala kitandani. Fungua akaunti yako mwenyewe. Angalia salio."

Mama Sweta alibonyeza. Salio lilikuwa elfu kumi na mbili, zilezile za asubuhi.

Hapohapo honi ikalia nje. Pikipiki yenye tela ilisimama mlangoni.

"Nimetumwa mashine," alisema dereva.

Fundi wa friji alimtazama mkewe. Mkewe alitikisa kichwa.

"Ndugu yangu," alisema fundi, "hela haijaingia. Ikiingia, mzigo utatoka."

Dereva alipiga simu. Alisikiliza, akakunja uso. "Kanikatia," alisema. "Na mimi kumbe nimetumwa bure!" Akaondoka akisonya.

Mama Sweta aliketi juu ya mashine yake. Hasira zikampanda, akaanza kuandika: Wewe mwizi mkubwa...

"Futa hilo," alisema Bi Risiti.

"Nifute? Nataka nimtangaze dunia nzima!"

"Ukimtukana, yeye ndiye atakayekushtaki kwa wenye mnada. Na huna hakika aliyekuandikia ni nani. Labda Kifaru Saba ni mtu mwingine kabisa. Wewe fuata utaratibu. Andika kupitia mnada, si pembeni, ili maneno yabaki kama ushahidi. Sheria yao inampa siku ngapi za kulipa?"

"Tatu. Zinaisha kesho jioni."

"Basi mkumbushe hivyo, kwa adabu. Zikiisha, bonyeza pale palipoandikwa 'Mnunuzi hajalipa', uwaeleze wenye mnada pia kuhusu ile picha. Wakithibitisha, watayafuta mauzo na hutadaiwa ada yao."

"Na laki nne zangu?"

"Hazijawahi kuwa zako," alisema Bi Risiti, akacheka. "Nani alikuwa wa pili?"

Bibi alidakia. "Fundi Uzi! Laki tatu na elfu arobaini!"

"Mauzo yakifutwa, mnada utakuruhusu kumwuliza kama bado anataka, kwa bei aliyotaja mwenyewe. Halazimishwi. Akikataa, unatangaza upya."

Mama Sweta alifuta tusi. Akaandika: "Habari. Malipo yako hayajafika. Muda unaisha kesho saa kumi na mbili jioni. Tafadhali lipa kupitia mnada."

Jumanne jioni ikapita bila jibu. Akatoa taarifa. Jumatano mchana wenye mnada wakajibu: mauzo yamefutwa. Papo hapo akamwandikia Fundi Uzi.

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini. "Kweli? Nilishakata tamaa! Naomba video mashine ikifanya kazi."

Bibi alishika simu, Mama Sweta akafuma mistari kumi. Video ikaenda. Kisha wakangoja.

Simu ikalia. "Nimelipa," aliandika Fundi Uzi.

Safari hii hakuna aliyeruka. Mama Sweta alifungua akaunti. Akasoma salio, akalisoma tena.

"Imeingia!" alipaza sauti. "Imeingia yote!"

Hapo ndipo nyumba ilipolipuka. Vigelegele vya Bibi vya Jumamosi vilikuwa mazoezi tu. Bi Risiti mwenyewe aliifunga mashine, akaipima, akaandika stakabadhi ya mzigo.

"Nimepoteza elfu sitini," alisema Mama Sweta, akitabasamu.

"Tatu na arobaini mkononi ni nyingi kuliko nne za pichani," alijibu jirani.

Ijumaa saa nne mashine kubwa iliingia ndani ya nyumba. Masweta yote mia na ishirini yalifika shuleni kabla ya baridi.

Mwezi uliofuata fundi aliweka mnadani friji aliyoifufua. Kwenye tangazo aliandika: Lipa kupitia mnada ndani ya siku tatu. Mzigo hutoka hela ikionekana. Mshindi alikuwa mwenye duka la maziwa, naye alikuja na gari.

"Nimeshalipa, fundi! Tupakie?"

"Nakuamini, kaka," alisema fundi, akitoa simu mfukoni. "Nipe dakika moja tu."

Akaangalia. Uso wote ukang'aa.

"Mama watoto! Imeingia! Njooni mshike huku, tuinue!"