Ketrina wa Kwenye Santuri

"Ketrina ni nani?"

Leah aliuliza hata salamu hajaipokea. Jairo, mchumba wake, alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye lori la kutoka Kitwe, vumbi mpaka kwenye kope.

"Ndiyo karibu ya hapa Chapwa siku hizi?" akacheka.

"Usicheke. Ketrina ni nani? Na huyo Teresia unayemwambia bila yeye hulali?"

Santuri zilikuwa zimemtangulia. Kule Kitwe, ng'ambo ya mpaka, alikoimba kwenye dansi, wenye studio walimrekodi nyimbo za mapenzi, za zamani na za michezo ya jukwaani, zikatiwa Kiswahili, zikafungwa kwenye jalada moja lenye picha yake amevaa tai. Watson mwenye duka alizileta Chapwa, hapa Tunduma, na kila jioni gramafoni yake ikalia. Kila wimbo na mwanamke wake.

"Jana kisimani Aida kaniambia, 'Dada, upande wa pili wa santuri yumo na Jenista, umemfikia?' Watu wakacheka mpaka ndoo zikamwagika!"

Mama yake Leah akatoka ndani na jembe jipya. Ndilo walilolileta ndugu zake Jairo kutoka Itumba walipokuja kuposa. Lilikuwa bado halijagusa udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jembe lenu hili. Baba yake Leah amesema lirudi."

Leah alitaka kugomba tu, hakutaka jembe liondoke.

"Mama, hizo ni nyimbo za watu," Jairo alisema. "Nyingine zilitungwa sijazaliwa. Ketrina hayupo."

"Hayupo, na unamlilia vile? Angekuwepo je?" Leah akadakia.

Jairo akaketi juu ya sanduku lake.

"Leah, Pasaka mliigiza nini kanisani?"

"Samsoni."

"Wewe ulikuwa nani?"

"Delila," mama akajibu kwa fahari. "Na alivyoweza! Wazee walitoa leso."

"Na Samsoni?"

"Anania."

"Alilaza kichwa wapi?"

"Jairo!" Leah akang'aka.

"Nauliza tu. Alilaza wapi?"

"Pajani," Leah alisema akitazama chini.

"Nami nilikuwa nimekuja likizo, nimekaa benchi la mbele. Nilidai jembe langu? Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma."

Mama aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Delila ni wa Biblia," Leah akajitetea.

"Na Ketrina ni wa jukwaani. Nilimwazima sauti tu."

Kisha likamtoka Leah lile lililomkaa kifuani wiki nzima.

"Sawa. Ila kati ya wote hao, mbona mimi simo?"

Jairo hakucheka tena.

"Ungekuwemo, Watson angekupiga kwenye gramafoni kila jioni huku akipima chumvi. Watoto wangekuimba wakichunga mbuzi. Wivu ulinishika. Wimbo wako ninao, sikuupeleka studio."

"Uimbe."

"Hapa? Mbele ya mama?"

"Mama, nenda jikoni."

"Siendi."

Basi akaimba. Haikuwa ile sauti laini ya dukani. Vumbi lilimkwaruza koo, ubeti wa pili ukampotea, akarudi nyuma kuutafuta. Lakini jina lilikuwa Leah, na alilitaja kama mtu anayeogopa kuliangusha.

Leah akanyoosha mkono, akalichukua jembe.

"Unalipeleka wapi?" mama aliuliza.

"Shambani. Viazi havijipalilii."

Alizunguka nyuma ya nyumba, akalikita jembe ardhini, udongo mwekundu ukaruka. Mama akapiga vigelegele, kwa maana jembe lenye udongo hakuna wa kulirudisha, hata baba mtu.

Wakaoana baada ya mavuno. Walipopata mtoto wa kwanza, msichana, Jairo aliinama kitandani.

"Tumwite nani, mke wangu?"

"Ketrina."

"Leah! Watu watasema nini?"

"Wakiuliza Ketrina ni nani," Leah alisema, akimweka mtoto mikononi mwa Jairo, "sasa tuna wa kuwaonyesha. Haya, mwimbie."