Sufuria ya Utepe Mwekundu

Kila siku saa tisa na nusu, Kemunto huchemsha chai. Kuwe na shule au kusiwe, theluji au jua, hiyo ni kazi yake pale nyumbani kwao Plymouth, Minnesota. Na si ile chai ya kutumbukiza kijikaratasi kwenye kikombe halafu unaongeza tone la maziwa. Hiyo mama yake huiita maji ya rangi. Chai ya kwao ni maji, maziwa, majani na sukari, vyote ndani ya sufuria moja, mpaka ipande na kukaribia kumwagika. Kemunto ana miaka kumi na miwili, na chai yake haijawahi kumwagika. Anaringa kwa hilo, tena sana.

Mama yake, Makena, ni nesi. Kazini ana rafiki anaitwa Dina, ambaye ni Myahudi. Walianza kujuana kwa sababu ya ratiba. Wote wawili walikuwa wakiomba wasipangiwe zamu kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama. Familia ya Kemunto ni Wasabato, na Dina anashika Sabato ya Kiyahudi. Halafu wakagundua wote hawali nguruwe. Basi, wakawa kama dada.

Agosti hii wakaamua kwenda likizo pamoja. Wengine hupanda ndege kwenda Florida. Wao walikodi nyumba kando ya ziwa kule Lakeville, dakika arobaini tu kwa gari, kwa sababu Jumatatu asubuhi Mama alikuwa na kazi.

Siku ya safari, Ijumaa, Kemunto na mdogo wake Ken, wa miaka minane, walimsaidia Dina kupakia. Gari lilijaa kama la mtu anayehama. Sahani, visu, sufuria, jiko dogo la umeme, na karatasi za foili za kutosha kufunika paa.

"Anti Dina, kwani huko hakuna sufuria?" Ken aliuliza.

"Zipo, lakini sijui zimepika nini," Dina alisema. "Sisi tunakula kosher. Maana yake chakula kinachoruhusiwa na dini yetu, kilichopikwa kwa njia inayoruhusiwa. Nyama na maziwa havikutani. Havipikwi pamoja, havitumii sufuria moja. Ona tepe nilizobandika: utepe mwekundu ni nyama. Utepe wa bluu ni maziwa."

"Hata ukiosha?"

"Hata ukiosha. Sufuria ikipata moto inashika kilichopikwa ndani yake. Ndiyo sheria yetu."

"Mimi nimeelewa," Kemunto alisema kama mtu mzima. "Hata sisi tuna sheria zetu."

Mama alimtazama, akaendelea kupakia.

Babu Zelig, baba yake Dina, alikuwa ameshakaa siti ya mbele na kofia yake kichwani. "Watu hufikiri shida ni kula kosher safarini," alisema. "Shida ni kusafiri na Dina. Amebeba mpaka chumvi!"

"Baba, mwaka juzi ni wewe ulisema chumvi ya hoteli ina ladha ya sabuni!"

"Ilikuwa nayo," Babu alisema, na gari likaondoka huku wote wakicheka.

Njiani walisimama dukani. Dina alimwonyesha Ken alama ndogo kwenye pakiti, alama inayosema chakula kimekaguliwa na ni kosher. Ken akageuka askari. Alikagua biskuti, akakagua juisi, akakagua hata betri.

"Hizi pipi hazina alama! Zirudishwe!"

"Ken, hizo ulizichukua wewe," Kemunto alisema.

"Ai! Hata pipi?" Ken alizirudisha polepole kama anazika mtu.

Walifika saa saba. Mpango ulikuwa wazi: wacheze ziwani mpaka saa kumi, halafu Dina apike mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Ulitaka saa tatu jikoni, na lazima uive kabla jua halijazama. Sabato ikiingia, hakuna kuwasha moto.

Karibu saa tisa na nusu Ken aliteleza akaanguka majini, pale kwenye maji ya magotini. Hakuumia, ila alitetemeka na kupiga kelele kama ametumbukia baharini.

"Nitampeleka abadilishe nguo," Kemunto akasema.

Ndani, Ken alipovaa sweta, Kemunto aliangalia saa. Saa tisa na nusu kamili. Akawaza, wakirudi wamepigwa na upepo, wakute chai moto kwenye chupa. Watashangaa! Majani alikuwa nayo, Mama hasafiri bila majani. Maziwa ya Dina yalikuwa kwenye friji.

Akafungua kabati. Sufuria ya utepe wa bluu ilikuwa ndogo, ya vikombe viwili. Dina hutia maziwa kwenye kikombe tu, kwa hiyo hakuhitaji kubwa. Watu walikuwa watano. Ile ya utepe mwekundu ilikuwa kubwa, inatosha kabisa.

"Hiyo ni ya nyama," Ken alisema.

"Nitaiosha kabla, nitaiosha baada."

"Anti Dina alisema hata ukiosha..."

"Wewe, unataka chai au hutaki?"

Ken alitaka chai.

Chai ilipanda vizuri, haikumwagika. Kemunto aliimimina kwenye chupa. Kisha akaisugua ile sufuria mpaka akaona uso wake ndani. Akainusa, akaifuta, akairudisha.

"Ukisema kitu, hupati mandazi," akamwambia Ken.

"Kwani yapo?"

"Yapo."

"Mimi sijaona kitu," Ken alisema, na mdomo wa juu ulikuwa na masharubu ya chai.

Saa kumi wakubwa waliingia. Dina akaenda moja kwa moja kabatini, akatoa sufuria ya utepe mwekundu, akatia maji na kuiweka kwenye jiko la umeme. Akaanza kukata nyama.

"Nasikia harufu nzuri," Babu Zelig alisema akivua kofia iliyolowa na kubaki na ile ndogo ya chini, wanayovaa wanaume wa Kiyahudi.

"Ni chai, Babu. Ya kwetu Kisii."

"Umetumia ya bluu, sivyo?" Dina aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo," Kemunto alisema.

Lilitoka haraka hivyo. Ndiyo. Mama alinyanyua chupa, akahisi uzito wake. Ilikuwa imejaa. Akaitazama sufuria ndogo ya bluu kabatini, akamtazama binti yake.

"Makena, una bahati," Dina aliendelea. "Huyu mtoto anasikia mara moja tu. Nikisafiri tena namchukua."

Maneno yale yalimchoma Kemunto kuliko kofi. Dina alikusanya vipande vya nyama kwenye kiganja. Na pale mezani Babu Zelig alikuwa ameshajimiminia kikombe. Alikishika kwa mikono miwili na kufumba macho, maana hanywi kitu kabla ya kumshukuru Mungu. Kwao Kemunto pia huanza hivyo hivyo. Mzee alikuwa anataka kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho Kemunto alimdanganya juu yake.

"Babu, usinywe!" Sauti ilimtoka kama king'ora. "Anti Dina, usitie nyama! Nilitumia hiyo nyekundu. Nilichemsha maziwa humo humo. Nilidanganya."

Maji yaliunguruma jikoni.

"Mimi niliona," Ken alisema akijifuta mdomo. "Na mandazi siyataki tena."

Babu Zelig alikiweka kikombe chini polepole. Dina alirudisha nyama kwenye ubao na kuzima jiko. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Nimekasirika, Kemunto. Nikuambie wazi. Nilikueleza asubuhi. Na hiyo ndiyo sufuria pekee ya nyama niliyobeba."

"Ile nyingine ilikuwa ndogo. Nilitaka itoshe kwa wote."

"Ungeniita. Nilikuwa hapo nje."

"Kemunto," Mama alisema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Kosa la sufuria ni moja. Kusimama mbele yangu na Anti Dina na kusema ndiyo, hilo ni la pili, na ndilo kubwa."

"Nisamehe, Anti. Nisamehe, Babu. Mama, nisamehe." Machozi yalimwagika bila kuzuiwa.

Dina alitoka nje akampigia simu rabi wake, kiongozi wao wa dini. Alirudi baada ya dakika tano, ametulia kidogo. Rabi alisema chai imwagwe na sufuria iwekwe pembeni. Watakaporudi nyumbani Dina ataichemsha kwa utaratibu wao na itatumika tena. Nyama ilikuwa salama, haikuingia.

"Sasa chakula cha Sabato tunapika na nini?" Babu aliuliza. "Kofia yangu?"

Mama aliangalia nje. Kulikuwa na jiko la mkaa la wenye nyumba. "Dina, si una foili?"

"Nina foili ya kufunika Lakeville nzima. Lakini lile jiko sijui limechoma nini."

"Tukifunga nyama mara mbili?"

Dina alifikiri, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mara mbili, inakubalika. Ila moto nauwasha mimi. Kwetu lazima Myahudi awe na mkono katika upishi."

"Washa, dada. Kuchoma niachie mimi."

Kemunto alikata vitunguu na viazi kwa kisu chenye utepe mwekundu, baada ya kumwonyesha Dina kwanza. Alifunga kila furushi mara mbili. Hakuna aliyemwambia aharakishe, lakini aliharakisha, jua lilikuwa halimsubiri mtu.

"Mimi nyama choma naijua," Mama alilalamika akigeuza mafurushi. "Hii si nyama choma. Hii ni nyama iliyovaa koti."

"Ni Minnesota hii," Babu Zelig alisema. "Hapa hata nyama inavaa makoti mawili."

Wakati nyama inaiva, Dina alimwita Kemunto jikoni na kumpa sufuria ya bluu. "Bado nataka hiyo chai. Tunywe sasa, maana tukishakula nyama hatugusi maziwa kwa saa nyingi."

Vikombe viwili, kisha viwili, kisha kimoja. Raundi tatu. Kemunto alisimama pale mpaka mwisho, na cha mwisho ndicho kilikuwa chake. Babu alifumba macho, akaomba, akanywa. Akanyoosha kikombe kutaka kingine.

Jua lilipokaribia miti ya ng'ambo ya ziwa, mkaa ulikuwa umeachwa ufe wenyewe na nyama ilikuwa mezani. Dina aliwasha mishumaa. Ken alifungua koti la kwanza, akafungua la pili, na mvuke ukamfunika uso.

"Kemunto," Babu Zelig alisema, "ile sufuria itapona. Mimi nina miaka sabini na nane, na nimesafiri na maboksi ya sufuria maisha yangu yote. Naweza kubeba jiko, kisu, na kama Dina anavyopenda, chumvi. Lakini siwezi kukaa kila jikoni nikiangalia kila mkono. Ninapokula meza moja na mtu, ninakula ukweli wake. Leo ulinipa uongo, halafu ukauchukua tena kabla sijaumeza. Ulikubali kuona haya mbele yetu sote, na hilo ni gumu. Ukikosea tena, maana utakosea, sema mapema namna hiyo. Mapema zaidi, ikiwezekana."

"Nitasema, Babu."

Jumapili, walipokuwa wanapakia, Kemunto aliona orodha ya safari ambayo Dina huibandika ndani ya mfuniko wa boksi. Chini kabisa, chini ya chumvi, kulikuwa na mstari mpya: Sufuria kubwa ya bluu, ya Kemunto.